Sufi ya Nyuma ya Uzio

Tagalik hakupenda kuambiwa jambo analolijua, na aliyoyajua yalikuwa mengi. Kijiji kizima cha Ikpik, huku kaskazini kwenye barafu, kilimfahamu hivyo, toka nyumba za ufukweni mpaka uwanja wa ndege, na kilimwacha alivyo. Alizaliwa hemani, kwenye kambi ya kuwinda sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, kabla serikali haijawakusanya watu na kuwatia kwenye nyumba za mbao. Shule hakuiona. Herufi za kwetu alifundishwa na mama yake kwa kitabu cha nyimbo za kanisa, na zilimtosha. Alizaa, akalea, akazika mume, akapika miaka mingi jikoni mwa shule ambayo yeye mwenyewe hakusoma. Uzeeni mikono yake bado iliweza kukwangua ngozi ya sili mpaka ikawa safi kabla chai yake haijapoa.

Ila kilichomfanya Tagalik awe Tagalik ni taa.

Taa yenyewe ni ya jiwe, umbo la nusu mwezi, ameirithi kwa mama. Ndani humiminwa mafuta ya sili, na kwenye ukingo ulionyooka hulazwa utambi, nao ni ukoga, ule mmea laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu, uliokaushwa, ukafikichwa na kuchanganywa na sufi ya mierebi. Mierebi ya kwetu haisimami. Inatambaa, na mtu huweza kuvuka msitu mzima pasipo kujua, maana msitu wenyewe uko chini ya soli za viatu vyake. Mwisho wa kiangazi vishada vyake hupasuka vikatoa sufi nyeupe, laini, nyepesi hata ukiipumulia inakukimbia. Bila sufi hiyo ukoga huwaka kwa kigugumizi, na moshi unajaa macho ya watu.

Harusi, msiba, ugeni wa serikali, aliyewasha taa ni Tagalik. Na pamba ya dukani hakutaka hata kuisikia. Mwaka mmoja alipougua wakati wa Krismasi, taa iliwashwa na wifi yake Ulipika, dada wa marehemu mumewe, naye akatumia pamba aliyoiomba zahanati. Tagalik alipopata nafuu alipiga simu redioni. Redio ya Ikpik ni chumba kimoja na simu moja, mwenye neno anapiga, na kijiji kizima kinasikiliza huku kinakula. Akasema, "Taa ya pamba si taa. Hicho ni kidonda kimefungwa." Akakata simu. Ulipika hakuyasahau maneno hayo, na hakuna mtu aliyetegemea kwamba angesahau.

Sasa kijiji kilikuwa kinajenga ukumbi mpya. Ufunguzi ulipangwa mwanzo wa Septemba, na wageni wangeletwa kwa ndege. Wa kuwasha taa alishajulikana.

Kwenye mteremko ulio nyuma ya uwanja wa ndege kulikuwa na kazi nyingine, ya watu wa mimea. Mkubwa wao alikuwa Profesa Annelise kutoka kusini, mama wa makamo aliyekuja kila kiangazi na kurudi kwao na matope tumboni, maana kazi yake aliifanya amelala kifudifudi. Aliweka juu ya mimea fremu yenye nyuzi zilizokatizana, akashusha sindano ndefu kwenye kila makutano, na kutaja kilichoguswa: mwerebi, mwerebi, jani kavu, kuvumwani. Kuvumwani ni ile mimea ya kijivu, mikavu, inayoshika mawe na udongo, chakula cha kulungu wakati wa baridi. Annelise alikuwa na hofu kwamba joto linaifanya mierebi inenepe na kuitia kuvumwani kivuli mpaka kuvumwani itoweke. Alikuwa pia ametega vibanda vya plastiki visivyo na paa, ili ndani yake pawe na joto kidogo kuliko nje, na kando ya vibanda akajenga uzio mrefu wa mbao, ili upepo wa baridi urundike theluji nyuma yake.

Tagalik alikuwa akipita na kuwatazama. "Mtu mzima na elimu yake," alisema, "analala chini kuhesabu chakula cha kulungu. Na kulungu wenyewe hawajalalamika."

Lakini hakusema kwa ukali, kwa sababu msaidizi wa Annelise alikuwa Niviaq, na Niviaq alikuwa mama yake.

Niviaq alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, na kicheko chake kilitokea puani. Alizaliwa majira yaleyale ya baridi ambayo mama yake Tagalik alifariki, akapewa jina lake. Kwetu jina haliendi peke yake, mwenye jina naye huenda nalo. Basi tangu Niviaq ananyonya, Tagalik alimwita mama. Alimshonea viatu vyake vya kwanza, na kila kulungu akichinjwa alimwekea ulimi, kwa sababu marehemu alipenda ulimi. Naye Niviaq alipoanza kusema alimwita bibi huyo mwenye mvi mwanangu, na hakuna aliyecheka.

Mwaka huo theluji iliondoka mapema, na joto likaja kama mgeni asiyebisha hodi. Siku moja ya Julai Niviaq aliingia kwa Tagalik na vichwa vya samaki mwekundu kwenye mfuko, akavua viatu, akaketi.

"Mwanangu," alisema, "sufi imeanza kupasuka."

Tagalik alikuwa anakanda unga wa mkate wa kukaanga. Hakuinua uso. "Mbu wamepungua?"

"Bado. Wamejaa tele."

"Basi haijapasuka."

"Nimeiona leo asubuhi. Ile ya kwenye vibanda imeshakwisha, na ya nje inapasuka sasa hivi."

"Mama, wewe mwenyewe uliniambia. Tulikuwa kambini, mimi kitoto cha kubebwa mgongoni, ukaniambia mbu wakipungua ndipo uchukue mfuko. Leo unageuka?"

"Nilikuwa sijazaliwa."

"Hicho si kisingizio," alisema Tagalik, akautia mkate kwenye mafuta.

Niviaq alicheka kile kicheko chake cha puani, akala mkate, akaenda zake. Hakurudia. Kumsukuma mtu si tabia yetu, na mwanawe alikuwa mtu asiyesukumika hata kwa trekta.

Siku zilizofuata upepo ulivuma kutoka baharini. Kisha mbu wakapungua kweli, na Tagalik akachukua mfuko wake wa kitambaa, akajifunga kitambaa kichwani, akapanda kilimani. Mierebi aliikuta. Vijiti alivikuta, vishada vitupu vilivyopinda kama vidole vya mzee. Sufi hakuikuta. Akaenda kilima cha pili, akashuka bonde la mto, akainua majani kwa fimbo kama mtu aliyepoteza sindano. Nyuzi chache zilikuwa zimenasa kwenye mawe, zimelowa, zimechafuka. Alikaa juu ya jiwe na mfuko mtupu mapajani. Akiba hakuwa nayo, kwa kuwa kila masika aliwagawia wenzake sufi ya mwaka uliopita, akisema sufi iliyolala inanuka sanduku.

Akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Lakini kijiji ni kidogo. Mtu aliyeonekana akipanda na mfuko na kushuka na mfuko uleule haulizwi kitu. Jioni hiyo Ulipika alikuwa redioni. Alianza na habari za mjukuu wake aliyeota jino, akaingia habari za bei ya sukari, na mwishoni akasema kwa sauti tamu, "Na wifi yangu Tagalik, kama unanisikia, pamba imeletwa zahanati na ndege ya jana. Nyingi tu. Nimewaambia wakuwekee."

Tagalik alizima redio. Alikaa akiitazama taa yake juu ya kabati. Kutowasha taa siku ile angevumilia, mtu huugua, mtu huzeeka. Lakini kumwona Ulipika ameketi mbele ya wageni na pamba yake, na kijiji chote kikimtazama yeye Tagalik usoni kuona atasema nini juu ya kidonda kilichofungwa, kuliko hilo aliona heri azikwe Agosti.

Kesho yake alikuwa ufukweni akikata samaki wa kukausha. Alipoinua kichwa kupumzisha shingo aliona weupe kule mteremkoni, nyuma ya uwanja wa ndege. Weupe haukuwa wa theluji, maana theluji haitikisiki. Aliacha samaki, akachukua mfuko.

Nyuma ya ule uzio wa mbao theluji ilikuwa imerundikana majira yote ya baridi, ikachelewa kuyeyuka mpaka kiangazi kikawa katikati, na mierebi iliyokuwa chini yake ilichelewa pamoja nayo. Sasa baadhi ya vishada ndiyo kwanza vilikuwa vinafunguka, na vingine bado vya kijani. Tagalik alipiga magoti, akaanza kuchuma. Vidole vyake havikuuliza. Vijiti vingine vilikuwa vimefungwa uzi wa rangi, mwekundu, wa buluu, na yeye aliona ni mapambo ya Annelise, mtu mwenyewe wa ajabu. Alichuma hapo hapo kwenye nyuzi, kwa sababu ndipo palipokuwa na sufi nzuri.

"Mwanangu, unafanya nini?"

Niviaq alikuwa amesimama juu ya ubao. Kulikuwa na mbao zimelazwa huku na huku za kukanyagia, na Tagalik hakuwa juu ya hata moja.

"Nachuma kwa mama yangu," alisema Tagalik. Aliona jibu limekamilika. Sufuria la mama yako hulipakui kwa kuomba, na nyama iliyo barazani kwa mama yako ni yako. Pale palikuwa kazini kwa mama yake, basi palikuwa kwao.

Niviaq alitazama vile vijiti vyenye uzi, akatazama mfuko. Hakukasirika kwa namna ya kuonekana. Alichutama tu, akaanza kuokota nyuzi zilizoanguka, moja moja, huku midomo ameibana. Na hapo Tagalik aliacha kuchuma, kwa sababu marehemu mama yake alikuwa akifanya hivyohivyo. Alipochukizwa hakufoka, alianza kufanya usafi.

"Mama," alisema Tagalik. "Nimeharibu?"

"Vile vyenye uzi tumevifuata tangu vilipochipua. Kila siku tatu tunakuja kuvitazama. Ulivyochuma vimechanganyika, siwezi tena kujua kipi ni cha uzi upi."

Tagalik alimkabidhi mfuko bila neno. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka mingi kutoa kitu bila neno.

Wakaingia kwenye kibanda cha kazi, ambako Annelise alikuwa anachemsha chai. Niviaq alimweleza kwa lugha ya kusini, maneno mengi. Tagalik aliketi wima kwenye kiti, mikono magotini, akisubiri kufukuzwa. Annelise alisikiliza, akakuna shavu kwa kidole chenye matope, akaandika kidogo, akaandika tena. Kisha akasukuma kikombe cha chai mbele ya Tagalik, sukari akaweka mwenyewe. Lugha yetu aliisema kama mtoto wa miaka mitatu.

"Baya," alisema. "Lakini siyo kufa."

"Wewe sufi unataka ya nini?" Tagalik alimuuliza. "Huna taa."

Annelise alimtazama Niviaq ili atafsiriwe, kisha akainua chupa ndogo yenye mbegu, nyeusi, ndogo kuliko chawa. "Hizi," alisema. "Hizi nataka. Sufi..." Akatafuta neno, hakulipata, akaonyesha kapu la taka.

"Anasema nini?"

"Anasema sufi wanaitupa," alisema Niviaq. "Tunataka mbegu, tuzipime na kuziotesha. Kuzitoa kwenye sufi ndiyo kazi. Tunatumia kibano, mbegu moja moja, mpaka macho yanatoa machozi."

Tagalik alitazama ndani ya kapu. Sufi ilikuwemo, konzi nzima, imekaa juu ya maganda ya chungwa. Alitikisa kichwa muda mrefu.

"Maisha yangu yote," alisema mwishoni, "mimi natupa mbegu. Nakung'uta nje ya mlango, kwa sababu mbegu ikiingia kwenye utambi inarusha cheche. Na ninyi hapa mnatupa sufi. Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Tagalik akanywa chai.

Mapatano yalifanyika pale pale. Vishada vikikomaa Niviaq angevikata kwa zamu zake, na Tagalik angekuja kutenganisha. Mbegu zao, sufi yake. Asikanyage nje ya ubao, asiguse uzi, asichume kwa mkono wake hata kimoja. "Hata kimoja," alirudia Niviaq, na Tagalik, aliyekuwa hajaambiwa la kufanya na mtu tangu mumewe alipojaribu siku za mwanzo za ndoa, alisema, "Ndiyo, mama."

Kazi ikabaki kwa vile vya kijani. Jua lilianza kuinama, asubuhi madimbwi yalivaa kioo chembamba, na ufunguzi ulikuwa unakaribia. Baridi kali ikiwahi, vishada vingeganda vikiwa vimefumba, na habari ingekuwa imekwisha. Kila siku Tagalik alipanda mpaka mwanzo wa ubao, akasimama, akatazama, akashuka. Watu wa uwanja wa ndege walianza kumpungia mkono. Siku moja alimkuta Niviaq pale, wakasimama pamoja, na mbu mmoja mmoja, wavivu, wakizunguka masikio yao.

"Wamepungua," alisema Tagalik.

"Wamepungua. Na sufi ya hapa ndiyo inapasuka." Niviaq alionyesha kwa kidevu. "Theluji ya hapa nyuma inakaa kama ilivyokuwa ikikaa zamani kila mahali. Hapa kiangazi kinaanza kama kilivyoanza ulipokuwa mdogo. Kule kwenye plastiki ni kiangazi cha mbele, cha wajukuu."

Tagalik alitazama upande wa vibanda, akatazama nyuma ya uzio, kisha kilima kilichobaki, kilichokuwa kimeshaanza kuwa chekundu kwa majani ya vuli.

"Kwa hiyo mama hakukosea," alisema polepole.

"Hakukosea hata kidogo. Kiangazi ndicho kilichohama."

"Basi sema wewe. Wewe ndiye uliyeniambia habari ya mbu, wewe ndiye wa kuibadili. Mimi siwezi kubadili maneno ya mama yangu."

Niviaq hakucheka safari hiyo. Alifikiri, mikono mifukoni. "Usiwatazame mbu tena," alisema. "Tazama lini theluji imeondoka, na mierebi yenyewe ipitie kila siku, kama unavyofanya sasa. Siku ikipasuka, hiyo ndiyo siku."

"Nimesikia," alisema Tagalik, na alivyosema ilikuwa kama mtoto anayetumwa dukani.

Vishada vilifunguka. Si vyote, lakini vilitosha. Siku mbili Tagalik alikaa kwenye kibanda cha kazi, ngozi ya sili imetandazwa mapajani upande usio na manyoya, akivuta sufi kwa vidole na kuikung'uta taratibu, mbegu zikidondoka kwenye ngozi kama vumbi la pilipili manga. Annelise alijaribu kumwiga, sufi ikampanda puani, akapiga chafya, na kazi ya nusu saa ikaruka mpaka darini. Tagalik alicheka hadi akashika ubavu. "Rudi kwenye kulungu wako," alimwambia. Annelise hakuelewa yote lakini alicheka naye, huku akikusanya sufi kwa ufagio.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, Tagalik alipiga simu redioni. Watu waliacha kutafuna.

"Mimi Tagalik," alisema. "Mama yangu amesema sufi isingojee mbu kupungua tena. Atakayengojea mbu asije kwangu mwakani kuomba." Ikasikika anapumua. "Na mimi mwaka huu nilingojea." Kisha akakata simu kabla mtu hajapata la kusema.

Ukumbi mpya ulinukia rangi na nyama ya kulungu iliyochemshwa. Wageni waliketi mbele na makoti yao, watoto wakateleza na soksi kwenye sakafu mpya. Tagalik aliketi chini kwenye ngozi, taa mbele yake, akalaza utambi kwenye ukingo kwa ncha ya kidole, akiusawazisha, akiubana. Akawasha upande mmoja. Moto ulitembea mdogo, wa manjano, kutoka pembe hii hadi pembe ile, bila moshi, bila cheche, ukasimama mstari mmoja kama meno ya mtoto. Hata watoto wakaacha kuteleza.

Ulipika alikuja na kuchutama kando yake. Mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko kawaida, na zipu yake ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Alitazama moto muda mrefu, maana naye alikuwa mtu wa taa, na kizuri alikijua.

"Wifi," alisema, "nyeupe sana sufi yako mwaka huu."

"Imechelewa kuamka. Haikupigwa na upepo."

"Watu wanasema umeifanyia kazi. Umekuwa kibarua wa profesa."

"Nimekuwa kibarua wa mama yangu. Profesa anapika chai."

Ulipika alicheka kwa kifua, akajisogeza akaketi kabisa, goti kwa goti. "Utanigawia?"

"Masika. Kama kawaida."

"Na mwakani mimi nikachume lini?"

Tagalik alisogeza utambi kwa kijiti, moto ukainuka kidogo na kutulia. Upande wa pili wa ukumbi Niviaq alikuwa anagombana na kipande cha ulimi ambacho mtu alikuwa amemwekea kwenye sahani, kikubwa kuliko sahani yenyewe.

"Muulize yule pale," alisema. "Lakini mwache kwanza ale."